Mwali, Kigori, Banati: Bi Mkubwa Anajibu Barua Zenu

Wanangu, mwezi uliopita niliandika kuhusu kelele za ngoma mitaani, na katikati ya maneno nikataja kwamba jirani yangu hapa Mbagala "alikuwa anamtoa mwali". Nilitaja kwa kupita tu. Mhariri ameniletea bahasha nzima ya barua, na zile meseji za simu amenichapia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana anayajua macho yangu. Nimechagua barua tano. Nyingine zinauliza yale yale, isipokuwa moja inayotaka kujua kama bado nina mume. Hiyo nimeiweka pembeni.

Shikamoo Bi Mkubwa. Mama mkwe wangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Tangu binti yangu wa kidato cha kwanza alipovunja ungo, bibi yake hamwiti tena kwa jina. Anamwita "mwali", hata mbele za wageni. Jumapili moja mchungaji alihubiri habari za wanawali kumi, akasema wanawali ni mabikira. Mtoto aliporudi nyumbani akalia, akasema bibi anamtangazia siri zake. Mume wangu anacheka tu. Je, mwali ni bikira? Na neno hili limetoka wapi?
*Mama wa mabinti wawili, Kigamboni*

Marahaba mwanangu. Kwanza mtoe mtoto wasiwasi: bibi yake hajasema lolote kuhusu ubikira wake.

Bikira ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na linahusu mwili peke yake: huyu hajakutana na mwanamume, basi. Mwanamke wa miaka hamsini anaweza kuwa bikira. Mwali ni cheo. Ni msichana aliyevunja ungo, akawekwa ndani, akakabidhiwa kwa kungwi afundwe, na hajatolewa bado. Kabla ya hapo alikuwa kigori. Akishatoka, watu wataendelea kumwita mwali kwa mapenzi hadi siku ya harusi yake, na siku hiyo ndiyo wataliimba neno hilo kuliko siku zote. Akiolewa ni mke wa fulani, akizaa ni mama fulani. Wazee wetu walikuwa na jina kwa kila ngazi, na aliyekosea ngazi alirekebishwa palepale.

Mimi niliwekwa ndani Maneromango, nyumbani kwa shangazi yangu. Mama mzazi hamfundi mwanawe. Kazi hiyo ni ya shangazi, bibi na kungwi, kwa sababu yanasemwa mambo ambayo mama na mwana hawawezi kuyasema wakitazamana. Chumba kilikuwa cha nyuma, dirisha limezibwa kwa kaniki. Nilikaa mkekani, kichwa nimeinamisha. Mtu mzima akiingia sikumwangalia usoni, nilimwamkia kwa kupiga makofi taratibu na sauti ya chini. Wanaume hawakuniona kabisa. Hata kaka yangu alipoleta kuni alizibwaga uani akakohoa, ili tujue yupo, kisha akaondoka.

Nilipewa mwana hiti. Wasomaji wa bara huenda hamkijui, kwa hiyo nikieleze. Ni kinyago kidogo cha mti, unakishika kwa mkono mmoja. Kina kichwa chenye nywele zilizochongwa zikasimama kama kilemba kilichopasuliwa katikati, kisha kiwiliwili cha mviringo. Mikono hakina, miguu hakina. Kifuani kuna vititi viwili, chini yake kitovu. Wangu ulikuwa umekuwa mweusi ukang'aa, kwa sababu kabla yangu uliwahi kushikwa na shangazi yangu na dada zake, kila mmoja kwa zamu yake. Kila siku niliupaka mafuta ya nyonyo na kuufuta vumbi kwenye ile mikunjo ya nywele kwa ncha ya kitambaa. Ndiyo ulezi nilioanza nao. Nasikia siku hizi vinyago hivyo vimewekwa kwenye vioo vya makumbusho Ulaya na vinanunuliwa kwa pesa nyingi. Wetu sijui nani aliuza, na ndugu zangu wote wananyamaza nikiuliza.

Dada zangu waliotangulia walikaa ndani hadi misimu ya mvua ikapita. Mimi nilikatishiwa, shule ilikuwa inafunguliwa. Walichonifundisha sitakiandika hapa, nimekula kiapo na bado nakiheshimu. Nitasema tu kwamba sehemu kubwa ilikuwa usafi, adabu, namna ya kuishi na wakwe, na nyimbo ambazo maana yake ya juu ni ya kuku na chungu. Siku moja tulipelekwa chini ya mti wa mkole, ule unaozaa vitunda vingi vidogo. Ukiona mzigo wa vitunda tawini unaelewa mwenyewe kwa nini Wazaramo hawakuchagua mnazi. Mwenye hamu ya kusoma zaidi atafute kazi za Marja-Liisa Swantz, mama wa Kifini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970. Au arudi nyuma zaidi, kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye mambo yake katika *Desturi za Wasuaheli* yalichapwa Ujerumani mwaka 1903. Humo kungwi na unyago vimeelezwa na Mswahili mwenyewe, kwa Kiswahili.

Sasa tuje kwa mchungaji. Simlaumu, kwa sababu hadithi ile ya taa na mafuta inawahusu wasichana ambao kwa desturi ya kwao walikuwa mabikira. Ila neno lenyewe halisemi hivyo, na ushahidi anao mezani kwake. Afungue Biblia ile ya Muungano ya mwaka 1952, Luka sura ya 1, mstari wa 27. Ataona malaika ametumwa kwa "mwanamwali bikira". Maneno mawili, moja baada ya jingine. Kama mwanamwali lingetosha kusema bikira, wafasiri wale wasingeongeza la pili. Walijua kabisa kwamba la kwanza linataja rika lake na la pili linataja hali yake. Na kwenye Isaya 7:14, walipotaka ubikira tu, waliandika "bikira" wakanyamaza. Nimefanya kazi ya kusahihisha prufu miaka mingi, najua mtu anapoweka neno kwa makusudi.

Na limetoka wapi? Hili halikuja na jahazi, ni letu la Kibantu, tena la kale sana. Wachewa wa Malawi na Zambia wanamwita msichana wa namna hiyo namwali, na unyago wao wanauita chinamwali. Wayao wanasema mwali. Mkikuyu akisema mwarĩ wa fulani, anamaanisha binti wa fulani. Wataalamu wanaolinganisha lugha za Kibantu wanayapeleka maneno haya kwenye shina moja la zamani lililokuwa na sauti ya *d* pale sisi tunapoweka *l*. Ukitaka jambo la kukushangaza zaidi, nenda kwa Wamakonde. Huko hata mvulana aliye jandoni ni mwali, na wakiwa wengi ni vali. Mvulana! Hapo utaona neno hili msingi wake ni kuwekwa kando ufundwe. Kwa Waswahili limebaki zaidi kwa wasichana.

Nina neno moja pia kwa mama mkwe wako, mpelekee kwa adabu. Mwali hatangazwi mbele za wageni. Tulifichwa sisi, mgeni akija hata kikohozi tulikimeza. Anayemwita mjukuu wake mwali sebuleni, huku soda zinagawiwa, anavunja desturi ile ile anayoisifia. Mtoto wako, bila kujua, ameshika mila kuliko bibi yake. Amwite hivyo wakiwa wawili jikoni, na binti ataona raha yake.

Bi Mkubwa, shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametuambia "mwali" linatokana na mwali wa moto, kwa sababu msichana akikaa ndani muda mrefu hung'ara. Rafiki yangu anasema linatokana na "kualika", kwa sababu watu hualikwa. Tumebishana hadi tumekasirikiana. Nani mkweli?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro*

Marahaba. Patana na rafiki yako, wote mmekosa, pamoja na mwalimu.

Angalia ngeli. Mwali wa moto *umeruka*, miali ya moto *imeruka*. Mwali wa kungwi *ametoka*. Hayo ni maneno mawili yaliyofanana mlango wa kuingilia, ndani kila moja lina nyumba yake. Picha ya mwalimu wako naipenda, na ni kweli kwamba msichana aliyekaa kivulini na kupakwa mafuta hutoka na ngozi laini yenye nuru. Washairi wameuchezea ulinganifu huo na wana haki. Lakini Mchewa ana namwali wake, na hakuna moto unaoruka humo.

Kualika nako hapana. Mtu aliyealikwa ni mwalikwa, na kadi ni mwaliko. Mwali ndiye *anayealikiwa* watu.

Tena kuna mwari, yule ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo. Vitabu vya zamani wakati mwingine viliandika hata msichana kwa *r*, mwari, ndipo utakapoona mtu amechanganyikiwa akidhani Wazaramo walikuwa wanafunda ndege.

Mmenikumbusha swali ambalo hamkuuliza: wingi wake. Kanuni inadai mwali mmoja, wali wawili. Sasa fikiria shughulini, mtu anapiga kelele "wali wanatoka!" na wageni wenye njaa wananyanyua sahani. Kwa sarufi hawana udhuru, maana wali wa kula *unatoka*, watu ndio *wanatoka*, lakini nani anasikiliza viambishi akiwa na njaa? Nadhani ndiyo sababu watu wengi hukimbilia wanawali, ambalo ni wingi wa mwanamwali. Pande zote mbili za neno zinabadilika, mwana kuwa wana, mwali kuwa wali. Usiandike "wanamwali" kwenye mtihani. Nilikuwa nayakuta kwenye prufu na kuyapiga mstari mwekundu.

Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Huku kwetu Mombasa mamangu alikuwa akiwaita wasichana "banati", hata kama ni mmoja. Nyanyangu wa Lamu naye alizoea kusema fulani "ametawishwa". Siku hizi nikitaja mtawa, watoto wangu wanafikiri ni masista wa kanisani. Je, maneno haya yana udugu wowote na huyo mwali wenu wa pwani ya Mrima?
*Msomaji wa Old Town, Mombasa*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Udugu wa damu hakuna, ila yanaishi mtaa mmoja.

Kwa Kiarabu bint ni mmoja, banat ni wengi. Sisi tulipoyachukua tulifanya mambo yetu. Bint akawa binti, na banat akawa banati, neno la kubembelezea, mmoja au kumi ni lile lile. Ukilisikia leo ujue aidha unasikiliza taarabu ya zamani au umekaa na mtu wa umri wa mama yako. Nalipenda sana. Lina heshima ambayo "mtoto mzuri" wa siku hizi haina.

Binti nalo limehama. Zamani lilikuwa kamba ya kumfunga mtu kwa baba yake, halikujali umri. Siti binti Saad aliimba akiwa mtu mzima na bado alikuwa *binti* Saad. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa ajuza aliyeshinda hesabu za watu, na jina lake kamili lilikuwa Fatuma *binti* Baraka. Leo ukimwita mwanamke wa miaka arobaini "binti" ofisini atakasirika au atafurahi, kutegemea siku yake ilivyoanza. Na kwa kuwa nimemtaja Bi Kidude, wengi mnamjua kwa taarabu, ila Unguja nzima ilimjua pia kama kungwi. Alipiga msondo, ile ngoma ndefu ya unyago inayofungwa kiunoni ikapita katikati ya mapaja, na wanawali aliowafunda ni wengi kuliko rekodi alizotoa.

Kutawa ndilo neno lililonifurahisha katika barua yako. Maana yake kukaa ndani usionekane. Wanawake wa nyumba kubwa za Lamu, Pate na Mombasa walitawa, na walipolazimika kutoka walipita chini ya shiraa, kitambaa kipana kilichobebwa na watumwa kwenye miti kikawafunika pande zote. Msichana akikua, alitawishwa. Kutoka hapo mtawa akawa mtu yeyote aliyejitenga na dunia kwa ibada, na Kanisa lilipotafuta neno la masista na mabruda wake likalikuta liko tayari. Watoto wako hawajakosea, wamelikuta neno kwenye kituo cha mwisho. Tofauti na mwali ni hii: mwanamke wa ungwana alitawa maisha yake yote, na kutawa kwake kulikuwa fahari ya ukoo. Mwali hukaa ndani kwa muda, akingojewa atoke. Ndiyo maana kwetu hata maskini walikuwa na wanawali. Mkeka na kaniki tu vilitosha, mambo ya shiraa yalihitaji watu wa kuibeba, na ni nani waliobeba umeshasoma hapo juu.

Halafu unadhani pwani ya kaskazini haikuwa na kungwi wa kuandika? Mwana Kupona binti Mshamu, mwaka 1858, yu mgonjwa, anamwandikia mwanawe utendi. Anamwita asogee karibu, na anamwita "binti". Kisha anamfunda: Mungu, mume, nyumba, usafi, namna ya kusema na watu. Yapo mambo humo ambayo wajukuu zangu wanayakataa kwa sauti kubwa na sina nguvu ya kubishana nao. Mimi husikia tu kungwi. Tofauti yake na shangazi yangu ni kwamba alijua kuandika, na kwamba hapa mama mzazi mwenyewe ndiye anayefunda, jambo ambalo Mzaramo angelishangaa.

Bi Mkubwa, mimi ni baba, naishi Mkuranga. Dada yangu anataka Desemba hii mwanangu wa miaka tisa achezwe ngoma ya unyago pamoja na binamu zake wakubwa, kwamba gharama zitapungua na ndugu wote watakuwa likizo. Mke wangu hataki. Dada anasema nikikataa mwanangu hatakuwa mwali, atabaki "mtoto" hadi uzeeni na hatapata mume. Nifanye nini?
*Baba aliye njia panda, Mkuranga*

Sikiliza mkeo.

Dada yako anatumia neno ambalo halijui. Mtoto wa miaka tisa ambaye hajavunja ungo ni kigori. Kigori ni yule anayekaribia, kifua kinaanza kuota, anaanza kuona haya kuoga kisimani na kaka zake. Hachezwi ngoma ya mwali, kwa sababu mwali bado hajapatikana. Kwa Wazaramo na jirani zao wa pwani ungo ndio uliofungua mlango wa chumba. Kusini mambo ni mengine kidogo. Wayao walikuwa na chiputu, waliyowaingiza watoto wadogo kabla ya ungo, kisha baadaye wakawa na unyago mwingine wa wakubwa. Ila hao walijua kutenganisha cha mtoto na cha mkubwa. Nyinyi Mkuranga mnataka kumchanganya wa miaka tisa na binamu wa kumi na tano, wakae mkeka mmoja, wasikie nyimbo zile zile. Nyimbo zile nazijua. Si za miaka tisa.

Sababu za gharama nazielewa vizuri. Pilau la watu mia, ngoma ya mdundiko ya kukodi, sare za kanga, kungwi naye ana bei yake siku hizi na analipwa kwa simu. Likizo ya Desemba imekuwa msimu wa wanawali kama ilivyo ya harusi, kwa sababu shule zimefungwa na mavuno ya korosho yameingiza pesa. Lakini bei ya mchele haimkuzi mtoto.

Na lipo jambo ambalo dada yako amelitaja mwenyewe: mume. Zamani mwali alipotolewa, posa zilianza kubisha hodi. Kila mtu aliyekuwa kwenye shughuli alijua anatangaziwa nini. Mtoto wa miaka tisa hatangaziwi kitu hicho. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka kumi na tano kwa ridhaa ya wazazi, hata kumi na minne kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hata kabla ya majaji, kungwi wangu alikuwa na sheria yake: alimrudisha nyumbani msichana aliyeletwa kabla ya wakati, na mzazi alitozwa kuku kwa kumsumbua.

Mwambie dada yako nimekutoza kuku wewe kwa niaba ya mwanao, na amchinjie binamu mkubwa.

Bi Mkubwa, tunachapisha kadi za shughuli ya mpwa wangu, ana miaka kumi na minane na amemaliza kidato cha nne. Ndugu watatu wanabishana: wa kwanza ameandika "Sherehe ya Kumcheza Mwali", wa pili "Sherehe ya Kumtoa Mwali", wa tatu anataka "Kichen Pati" kwa kuwa inasikika ya kisasa. Mwenye duka la kuchapa anasubiri. Lipi sahihi?
*Mjomba wa mwali, Temeke*

Mwambie wa tatu akae chini. Kichen pati ni ya mtu mwenye mchumba na tarehe ya harusi, na watu huenda na sufuria, blenda na seti za vikombe. Mpwa wako hana mchumba, hizo sufuria atamkaangia nani? Nakubali makungwi wengi wamehamia huko, wanafunda kwa maikrofoni ukumbini huku MC anawakatiza. Siwalaumu, kila mtu ale kwa kamba yake. Bado si ngoma ya mwali.

Hao wawili wengine wote wanajua Kiswahili. Mwali *huchezwa*, hachezi. Yeye amekaa ameinama, wenye kucheza ni wengine, na wanachezea kwa ajili yake. Ukiandika "mwali anacheza" umempeleka disko. Kuchezwa ni kule ndani: ngoma za usiku, mafunzo, za wanawake peke yao. Kutolewa ni siku ya mwisho: anaogeshwa, anavalishwa, anabebwa mabegani chini ya mwavuli, mdundiko mbele, na watu wanamtunza kwa kumbandika noti kwenye paji la uso na kilemba.

Sasa nikuulize, kadi unampa nani? Kama ni akina mama wa kuingia ndani, hao hawahitaji kadi, huitwa kwa mdomo. Kadi ni ya watu wote, wakiwemo wajomba kama wewe, ambao hawana ruhusa ya kuona kitu chochote hadi siku ya kutoka. Kwa hiyo andika "Sherehe ya Kumtoa Mwali", weka tarehe na mtaa. Chini usiandike "watoto hawaruhusiwi", kwa sababu siku ya kutoka watoto ndio wanaokimbia mbele ya ngoma. Na mwambie mchapaji asiweke picha ya mwali kwenye kadi.